Amri Imeondolewa, Upendo Haujaondolewa

Somo juu ya barakoa na chanjo, kwa waalimu wa dini na wasomaji wote

Kabla hujalisoma somo hili, fungua Biblia yako usome Warumi mlango wa 14 wote, kisha uweke alama mahali pale, maana tutaparudia.

Habari za maradhi ya korona hazina haja ya kurefushwa, kwa kuwa kila mmoja wetu aliyaona kwa macho yake. Hapa Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa, makanisa yetu hayakufungwa, lakini ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni. Jirani zetu wa Kenya walifungiwa makanisa kwa miezi, na barakoa ikawa ni amri. Amri hiyo iliondolewa kwa watu walio nje mahali pa wazi tarehe 11 Machi 2022. Kisha, tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba hatari ile kuu ya dunia nzima imekwisha. Siku ile mkuu wa shirika alisema kwamba vifo vilivyoandikwa ni karibu milioni 7, bali hesabu ya kweli haipungui milioni 20.

Bassi, amri zimeondolewa. Lakini katika sharika zetu yamebaki maswali mawili. La kwanza: mtu anayevaa barakoa hata sasa, tumtendeeje? La pili: mtu anayekataa chanjo, tumwambie nini? Wengine husema, mambo haya yamepita, tuyaache. Mimi nasema hayajapita, na nitawaonyesha sababu. Nami sitaanza na makosa ya wengine. Nitaanza na langu.

I. Kosa la mchungaji

Jumapili moja, watu walipokuwa wamekwisha kuziacha barakoa, nalisimama mbele ya usharika kutoa matangazo. Nikaona katika safu ya tatu mama mmoja, mtu mzima, amevaa barakoa ya kitenge. Nikasema kwa mzaha: “Leo nafurahi kuziona nyuso zenu zote, ila uso mmoja tu ungali umejificha.” Watu wakacheka. Yule mama akainama. Mimi nikaendelea na matangazo, wala sikufikiri tena neno lile.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili yake hakuja. Ya tatu, mzee mmoja wa kanisa akaniambia, “Mchungaji, mama yule hana ugonjwa. Nenda mwenyewe ukamwulize.” Nikaenda. Akanipokea kwa heshima, akanipa kiti kivulini, nje ya nyumba. Nikamwambia, “Mama, nimekuja kuuliza kwa nini hatukuoni.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Baba Mchungaji, ndani ya nyumba hii yumo mjukuu wangu, yuko katika dawa za saratani. Daktari ameniambia kwamba nguvu za mwili wake zimepungua sana, hata mafua ya mtu mwingine yaweza kumwua. Mimi ndimi nimlishaye na kumwogesha. Kwa ajili yake nalivaa ile barakoa. Nilipoona kwamba imekuwa kichekesho kanisani, nikasema afadhali nikae nyumbani. Mtoto siwezi kumwacha, na kuchekwa siwezi kustahimili.”

Ndugu zangu, sikuwa na neno la kujibu. Nalimwomba msamaha pale pale, na Jumapili iliyofuata nikauomba msamaha mbele ya usharika, kwa kuwa kosa nililifanya mbele ya usharika. Siku ile nilijifunza kwamba sikuivunja amri hata moja ya serikali, maana amri haikuwapo tena. Lakini amri ya kumpenda jirani nilikuwa nimeivunja, tena nikiwa nimevaa kanzu ya huduma.

II. Barakoa na adabu yake

Barakoa si alama ya imani haba, wala si alama ya utakatifu. Ni kitambaa chenye kazi. Mtu akikohoa, akiimba, hata akisema tu, hutoka kinywani mwake matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Kama ana maradhi ya kifua, maradhi hutoka pamoja nayo. Barakoa huyazuia mengi yao yasimfikie jirani, na pia humkinga kwa kadiri mwenye kuivaa. Nayo haikuanza mwaka wa 2020. Wauguzi wa kifua kikuu walikuwa wakiivaa tangu zamani, na kifua kikuu kingali katika nyumba zetu.

Katika sheria ya Musa (Walawi 13:45) mwenye ukoma aliagizwa kujifunika mdomo na kukaa mbali na watu. Kwake kufunikwa mdomo kulikuwa dalili ya kutengwa. Kwetu isiwe hivyo. Mwenye barakoa amejifunika ili aweze kukaa pamoja nasi; bassi tukimcheka twamtenga mtu aliyetafuta njia ya kuwa karibu.

Haya ndiyo nitakayo tuyashike katika sharika zetu:

1. Usimwulize mtu mbele za watu kwa nini amevaa barakoa. Huenda sababu ni ugonjwa wake, au wa mtu wa nyumbani mwake, naye hapendi kuutangaza.

2. Usimshurutishe kuivua, si kwa ajili ya picha ya harusi, wala kwaya, wala kwa kumheshimu mgeni mkubwa.

3. Mwenye kuivaa naye asimhukumu asiyevaa, kana kwamba ni mwuaji. Sababu za mtu huyo Bwana azijua.

4. Mwenye kikohozi au mafua aivae, akae karibu na dirisha, na madirisha yafunguliwe. Akiona hali yake ni mbaya, akae nyumbani siku chache. Mzee wa kanisa amtembelee. Kukosa ibada kwa sababu hiyo si dhambi.

5. Uivae ifunike pua na mdomo pamoja. Wengi huivaa kidevuni, na hapo haina kazi. Ukiivua, shika kamba zake, usishike upande wa mbele. Ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Wala watu wawili wasiazimane.

6. Mchungaji, mwalimu na mzee waendao kwa mgonjwa na kumpelekea Chakula cha Bwana, wamwulize kwanza yeye au amwuguzaye: “Mwapenda tuvae?” Wakisema ndiyo, wavae bila kunung'unika.

7. Mtu akisalimu kwa kuweka mkono kifuani badala ya kutoa mkono, mjibu vivyo hivyo kwa furaha. Salamu ni ya moyo.

Sasa rudia Warumi 14. Katika usharika ule wa Rumi, mmoja alikula kila chakula, na mwenzake alikula mboga tu. Mtume hakumwuliza kila mmoja hesabu ya chakula chake. Alimkataza anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu mwenzake. Angalieni kwamba makosa ni mawili, nayo si sawasawa: mwenye uhuru hujaribiwa kudharau, na mwenye hofu hujaribiwa kuhukumu. Katika habari za barakoa tumeyaona yote mawili. Mwaka wa 2020 wengi walihukumu. Siku hizi wengi twadharau.

III. Ushuhuda wa Luther

Labda mtu atasema, “Mkristo mwenye imani hana haja ya mambo haya, Bwana ndiye mlinzi wake.” Nasi Walutheri tuna jibu la zamani. Mwaka wa 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg. Wengi walikimbia; Martin Luther alikaa pamoja na wagonjwa, na nyumba yake ikawa kama hospitali, ingawa mke wake Katharina alikuwa mja mzito. Wachungaji wa mji wa Breslau walikuwa wameuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Luther aliwajibu kwa barua ndefu aliyompelekea Johann Hess.

Katika barua ile aliwaonya watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale waliokimbia na kuwaacha waliokabidhiwa: mchungaji kundi lake, mwenye cheo mji wake, mzazi mtoto wake. Wa pili ni wale waliojiona kuwa na imani kubwa, wakazidharau dawa, wakaingia pasipo haja mahali palipo na tauni. Hao, alisema, hawamtumaini Mungu, bali wanamjaribu. Mwenyewe alisema atamwomba Mungu, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na atajiepusha na mahali na watu asipokuwa na kazi nao, asije akawa sababu ya mwingine kufa. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda bila kusita.

Luther hakusema haya kwa kuogopa kufa. Mwogopaji asingalikaa Wittenberg. Ibilisi naye alimwambia Bwana wetu ajitupe chini kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamdaka (Mathayo 4:5-7), na Bwana alikataa. Bassi anayesema “sitatumia dawa kwa kuwa nina imani” aangalie ni sauti ya nani anayoifuata.

IV. Chanjo na wanaoikataa

Chanjo ni kuufundisha mwili kumjua adui kabla hajafika, kama askari waonyeshwavyo sura ya mwivi ili siku akija wasikawie. Chanjo ya kwanza ilikuwa ya ndui. Tabibu Edward Jenner wa Uingereza aliijaribu mwaka wa 1796. Ndui iliwaua watu wengi mno katika nchi zetu, na waliopona waliachiwa makovu usoni, wengine upofu. Siku hizi hakuna mtoto aijuaye, maana mwezi wa Mei 1980 mataifa yalitangaza kwamba imekoma duniani pote.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida hakuwa mbali nasi. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia. Alikuwa akifanya kazi penye chanjo, walakini hakuchanjwa, na baadaye alisema mwenyewe kwamba aliogopa maumivu. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, nayo ilitosha. Akaugua. Watu wengi waliomkaribia walitafutwa, maelfu wakachanjwa, na hata mmoja hakuambukizwa naye. Mwenyewe akapona. Miaka ilipopita, mtu huyu aliingia katika kazi ya kuwahimiza wazazi wa Somalia wawape watoto matone ya kuzuia ugonjwa wa kupooza, akiwasimulia kosa lake. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka wa 2013 kwa homa ya malaria.

Tufikirini habari hii, hasa sisi waalimu. Aliyeikataa chanjo kwa hofu alifanyika shahidi wa chanjo. Kama watu wa Merca wangalimtukana na kumfukuza, nani angaliwasimulia wazazi wale?

Na watu wetu walisitasita kwa sababu. Mwezi wa Januari 2021 Rais John Magufuli aliwaonya wananchi juu ya chanjo za korona. Baada ya kufa kwake, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote, na kazi ya kuchanja ikaanza. Katika mwaka mmoja watu walisikia sauti mbili kutoka mahali pamoja. Wahubiri wengine nao waliongeza ya kwao. Mtu aliyeyasikia hayo yote akaogopa, tusimwite mjinga.

Lakini kutomtukana si kunyamaza. Mwalimu na aseme kweli yote, na yale yasiyopendeza pia. Kweli ni hii: chanjo ya korona haikuzuia kila maambukizo, wengi waliochanjwa waliugua. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia ugonjwa mkali na kifo, na kazi hiyo iliifanya. Wengi waliumwa mkono au kupata homa ya siku moja au mbili. Watu wachache mno walipatwa na madhara makubwa, kama damu kuganda, na wakubwa wa afya waliyatangaza wenyewe. Mwalimu akificha hayo, siku yatakapojulikana watu hawatamwamini hata kwa yaliyo kweli.

Wengine walisema kwamba chanjo ni ile chapa ya mnyama. Mwalimu amfungulie mtu huyo Ufunuo 13 wasome pamoja, polepole. Chapa ile ni ya wamsujuduo mnyama. Ni habari ya kumwabudu mwingine badala ya Mungu. Hakuna mtu anayemkana Kristo kwa kuchanjwa begani asiugue. Nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia (2 Wafalme 20:7), na mfalme akapona. Wala hakuna aliyesema kwamba tini ziliichukua nafasi ya Mungu aliyemponya.

Mtu mzima akikwisha kuelezwa, naye akakataa chanjo kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, asitengwe na meza ya Bwana, wala asinyimwe salamu, wala akiugua asiambiwe “ulijitakia”. Tumwombee, na mlango wa kuuliza tena uwe wazi. Hapo neno la Warumi 14 lamfaa.

V. Habari za mtoto ni nyingine

Lakini sasa nasema neno zito. Mtoto mchanga hakuchagua. Mzazi akikataa chanjo ya mtoto, si mwili wake autiao hatarini. Na hapa ndipo nionapo hatari ya siku hizi: hofu iliyoanza na chanjo ya korona imehamia katika chanjo za watoto zilizozoewa tangu zamani. Katika mwaka wa 2021 peke yake, kama walivyotangaza Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF, watoto milioni 25 duniani walikosa chanjo za msingi, moja au zaidi. Wengine walikosa kwa sababu ya vita, umaskini na zahanati kufungwa. Wengine kwa sababu ya maneno ya watu.

Sikieni yaliyotokea Zimbabwe. Mwezi wa Aprili 2022, watu walipokuwa wamerudia mikutano yao mikubwa ya dini, surua ilizuka katika wilaya ya Mutasa, jimbo la Manicaland. Serikali ilisema kwamba ugonjwa ulienezwa na mikutano ya makanisa, hasa ya wale wanaokataza chanjo na hospitali. Ukaenea nchi nzima. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekufa watoto zaidi ya 700, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Magazeti yalisimulia kwamba mama wengine wa makanisa yale waliwachukua watoto wao kwenda zahanati kwa siri, usiku, ili waamini wenzao wasiwaone.

Msiseme, “Hao ni watu wa madhehebu mengine, sisi hatuna sheria hiyo.” Nilipoisoma habari ya mama wale waendao usiku, nalimkumbuka mama wangu wa barakoa ya kitenge. Yeye alijificha nyumbani, wao walijificha gizani, na wote waliogopa kitu kimoja: macho ya ndugu zao kanisani. Kwetu hakukuwa na sheria iliyoandikwa, kicheko kilitosha. Usharika ambao mtu aogopa kuonekana akimlinda mtoto, usharika huo una ugonjwa, hata kama amri zote za serikali zimeondolewa.

Kwa hiyo, mwalimu, usinyamaze katika habari za watoto. Katika mafundisho ya ubatizo mwulize mzazi kwa upole habari za kadi ya kliniki. Chanjo ya surua hutolewa kwetu mtoto awapo wa miezi 9, na tena awapo wa miezi 18. Wengi huisahau ile ya pili. Mzazi akiogopa, usimtume peke yake. Mfuate mpaka zahanati, au umwombe mama mwingine aliyekwisha kuwachanja watoto wake aende naye. Akiwa na swali usilolijua, mpeleke kwa mganga mkuu wa zahanati, wala usijibu kwa kubahatisha. Lakini mtoto asinyimwe ubatizo kwa sababu ya hofu ya mzazi wake.

Yule mama alirudi kanisani. Hukaa katika safu ile ile, na barakoa yake ile ile, na wakati wa kuondoka watu humsalimu kwa mkono kifuani. Mjukuu wake angali katika dawa. Mwombeeni.

Maswali ya kuulizana katika mafundisho

1. Katika Warumi 14, mwenye uhuru hujaribiwa kufanya kosa gani, na mwenye hofu kosa gani? Wewe u upande gani?

2. Kuna mtu katika usharika wetu aliyeacha kuja kwa sababu ya kuchekwa au kulaumiwa? Nani atakwenda kwake juma hili?

3. Luther aliwaonya watu gani wa namna mbili? Tauni ikija leo, sisi tungekuwa katika namna ipi?

4. Kwa nini habari ya mtu mzima anayekataa chanjo si sawa na habari ya mtoto?

5. Mzazi akikujia na habari ya chapa ya mnyama, utaanza wapi kumwonyesha kweli pasipo kumwaibisha?